Kijiko Kimoja cha Sukari Katika Kila Boliti

Haba na haba huondoa kibaba. Shuleni tulifundishwa kinyume chake, na mimi mwenyewe nimewahi kuifundisha kinyume chake, kidato cha pili, kwa chaki ya shule ya wazazi, nikawapa vema waliopatia. Sasa nawaomba wanafunzi wangu wafute. Mimi nimekishika kibaba chenyewe mkononi, nimekipima, nimeona pale kilipotafunwa.

Jina la kijiji silitaji. Kipo mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Issuna, na wenyewe wanajijua.

Mwaka huo wa tisini na tatu nilikuwa nimemaliza stashahada ya ualimu, Fizikia na Kiswahili, nikapata kazi katika sekondari mpya ya wazazi, nikawa naishi kwa baba. Baba yangu, Bonaventura, alikuwa dereva wa chama cha ushirika. Nasema alikuwa dereva ingawa gari lenyewe, Land Rova ya kijani, lilikuwa halijasogea tangu mwaka wa themanini na mbili. Lilisimama juu ya magogo nyuma ya ghala. Kila Jumamosi baba aliliosha. Kila mwisho wa mwezi alimwaga oili kidogo ndani ya silinda, akazifunika kwa ubao, kisha akajaza kitabu cha safari: Safari, hakuna. Kilometa, hakuna. Hali ya dereva, nzuri.

Ndipo ilipokuja barua ya mfilisi. Ushirika ulikuwa umekufa, biashara sasa ni ya kila mtu, na mali yote ya chama itauzwa. Kifungu cha nne kilimhusu baba. Chombo chochote kitakachowaka kwa injini yake chenyewe mbele ya mfilisi, siku ya Ijumaa, kitahesabiwa kuwa gari, na dereva wake atapewa badala ya kiinua mgongo. Kisichowaka kitahesabiwa kuwa chuma chakavu, kitauzwa kwa kilo, na dereva atapewa barua ya shukrani.

Baba aliisoma mara tatu, akaikunja, akaiweka chini ya kofia yake.

"Injini ni nzima," alisema. "Haina boliti tu."

Ilibidi niulize, maana nilipoondoka kwenda shule ya bweni nilikuwa mdogo na mambo ya boliti niliyaona ya kawaida, kama watu wanavyoona jua. Gari liliunguza gasketi ya hedi njiani likitoka Manyoni. Baba alifungua hedi, kifuniko cha juu cha injini, akatoa boliti zake kumi na nane, akaziweka kwenye kopo, akaagiza gasketi. Gasketi haikuja. Wakati huohuo mawe ya mizani ya kijiji yalikuwa yamepelekwa kukaguliwa, na mpaka leo yanakaguliwa. Watu wakawa wanauziana chumvi kwa kukadiria na wanagombana kwa uhakika. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Simeoni, akamjia baba.

"Bonaventura, hizo boliti zako zina uzito sawa?"

"Zimetoka kiwanda kimoja, mwenyekiti."

"Basi zimetuzidi sisi."

Wakazichukua. Boliti tisa zikaenda duka la ushirika, kwa kuuzia. Boliti tisa zikaenda ghala la ushirika, kwa kununulia mazao. Boliti saba zilikuwa kama kilo moja, na ile tofauti ndogo iliyobaki kijiji kilikubaliana kuiita ya Mungu. Kilo ikasahaulika. Watu walinunua nyama boliti nne, sukari boliti mbili, chumvi nusu boliti, ambayo ilipatikana kwa kupima boliti nzima na kugawana na jirani. Katika mahari, sukari ilitajwa kwa boliti. Mtoto alipozaliwa, mkunga alituma mtu kukusanya boliti zote, na soko lilisimama mpaka mtoto ashuke kwenye sahani ya mizani. Mdogo wangu Faith alizaliwa boliti kumi na nane kamili. Siku hiyo hakukubaki boliti hata moja sokoni, na baba bado anaisimulia kama watu wengine wanavyosimulia vita.

Wasiwasi wa udanganyifu haukuwapo, kwa sababu tulikuwa na ukaguzi. Kila tarehe mbili Januari boliti zote kumi na nane zililetwa mbele ya ofisi ya kijiji. Katekista aliomba, shehe aliomba, kisha zote ziliwekwa kwa pamoja upande mmoja wa mizani, na upande wa pili likawekwa jiwe la kijiji, lile lililopimwa nazo siku ya kwanza. Sahani zikasimama sawa. Mbuzi akachinjwa. Hazikuwahi kupungua wala kuzidi, mwaka hata mwaka, na hata ushirika ulipoishiwa nguvu, Gerald akachukua duka na Sixbert akachukua ghala, kila mmoja na boliti zake tisa, sahani ziliendelea kusimama sawa. Mzee Simeoni alipenda kusema kwamba soko limekuwa huria lakini mizani yetu bado ni ya wote.

Basi boliti zilikuwepo. Lakini nani awe mwendawazimu wa kwenda kuling'oa soko zima? Nilimwambia baba kwamba siku hizi kila kitu kinapatikana mjini. Nikapanda lori la vitunguu kwenda Singida.

Kweli vilipatikana. Mtaa mzima ulikuwa wa vipuri, vimetundikwa kama nyama. Gasketi nilipata katika duka la kwanza, na nilikaribia kulia, maana baba alikuwa ameisubiri miaka kumi na moja na ilikuwa imetundikwa kwenye msumari pamoja na kandambili. Kijana wa duka alikuwa na miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Boliti za hedi za Land Rova zipo?"

"Zipo. Unataka orijino, orijino ya kawaida, au orijino kabisa?"

"Tofauti yake nini?"

"Bei."

"Na chuma chenyewe?"

"Chuma ni kilekile, dada. Sikufichi."

Nikachukua orijino kabisa, kumi na nane, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Akanitupia na spana moja juu yake.

"Hiyo zawadi. Namba kumi na saba, ya milimita. Huku hainunuliki, magari yenu yote ya inchi."

Baba hakuziamini. Alizitazama boliti zile kama mzee anavyomtazama mposaji aliyekuja na viatu vyeupe. Akaibana moja kwenye vaisi ya ghala, akaitia spana, akavuta kwa nguvu ileile aliyokuwa anakazia hedi. Boliti ilikatika kwa sauti ndogo, kama muwa.

"Hii imeiva vizuri," alisema. "Tuipike na nini?"

Ilikuwa Jumanne. Nikabeba mfuko wenye boliti kumi na saba na vipande viwili, nikaenda kwa mzee Simeoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia baba yako anataka kuendesha."

Nikamweleza. Nilitaka boliti za zamani kwa ajili ya injini, nami nitaacha hizi mpya sokoni zipimie. Mwenyekiti alimwaga mfuko mezani, akahesabu, na vile vipande viwili akavihesabu kimoja kimoja.

"Kumi na tisa," akasema. "Kijiji kimepata faida. Zitarudi lini?"

"Jumamosi mtaambiwa zilipo."

Naomba jibu hilo likumbukwe kama nilivyolitoa. Sikusema zitarudi. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, kwa sababu alikuwa anavipanga vile vipande viwili ili vionekane virefu.

Tukaenda naye dukani kwa Gerald. Gerald aliuza nyama, sukari na chumvi, mtu mpole, mwenye sauti ya kuimbia kwaya. Nilipotaja boliti, kisu chake kilisimama katikati ya mfupa.

"Mwalimu, hizi zina muhuri wa mazoea. Nikikupa wewe leo, kesho atakuja mwingine na trekta."

"Wewe utapewa mpya tisa."

"Mpya hazijui nyama."

"Mpe," alisema mwenyekiti.

Gerald alizitoa moja moja, akizifuta kwa aproni, kila moja akiikabidhi ameinamisha uso, kama anayezika. Tukaenda ghalani kwa Sixbert. Sixbert alinunua alizeti, vitunguu na asali, akavipeleka Dodoma. Alikuwa mnene na mcheshi na alimwita kila mtu shemeji.

"Shemeji mwalimu, nipe wiki moja nizisafishe. Zina uchafu wa mazao."

"Nitasafisha mimi."

"Uchafu wake ni wa ndani, shemeji."

"Mpe," alisema mwenyekiti, ambaye alikuwa amekwisha kuahidi nafsini mwake kwamba gari likiwaka litapeleka wajawazito hospitalini, na kwa hiyo alikuwa na haraka kama mjamzito mwenyewe. Sixbert akatoa tisa. Zilikuwa nyeusi, nzito, na nilipozibeba bega lilijua. Kwake nikaacha boliti mpya nane, na vile vipande viwili.

Jumatano asubuhi tuliweka gasketi, tukaipandisha hedi, baba akavua shati. Alikuwa na spana yake ya inchi, ile robo tatu, aliyoificha miaka yote ndani ya mto wake wa kulalia. Akaichukua boliti ya kwanza, ya Gerald, akaiingiza kwenye tundu lake, ikashuka vizuri, ikakumbuka njia. Akatia spana. Spana ikazunguka bila kushika, kama mwiko kwenye uji.

Akachukua ya pili. Vilevile. Akachukua ya Sixbert. Spana haikuingia kabisa. Kichwa cha boliti kilikuwa kikubwa kuliko mdomo wake.

Tulijaribu zote kumi na nane. Tisa zilikuwa na vichwa vidogo mno, tisa zilikuwa na vichwa vikubwa mno. Baba alikaa juu ya gogo.

"Chuma kinazeeka kama watu, Damari," alisema. "Wengine wanakonda, wengine wanaota kitambi. Nimezitunza vibaya."

Nilisema ngoja. Nilikwenda shuleni, nikafungua kabati la maabara, nikachukua mizani ndogo ya gramu, ile tuliyopewa na wafadhili na ambayo hatukuwa na kitu cha kupima. Nikapima boliti mojamoja juu ya boneti la gari, baba akiandika nyuma ya kitabu cha safari. Hapo ndipo nilipokijua kibaba. Boliti za Gerald zilipungua gramu tano tano, kila moja. Ni kama kijiko kimoja cha sukari. Nilizigeuza kwenye jua nikaona alama za tupa, nyembamba, za subira, pande zote sita za kichwa na juu yake. Boliti za Sixbert zilizidi kijiko kimoja kimoja. Nilikwangua moja kwa msumari. Chini ya weusi kulikuwa na kijivu laini, kinachong'aa. Ilikuwa ni risasi ya betri, imeyeyushwa na kupakwa kuzunguka kichwa, kisha ikafukizwa moshi.

Muuzaji alizikondesha za kuuzia. Mnunuzi alizinenepesha za kununulia. Na kila Januari, zilipowekwa zote kwa pamoja, vijiko tisa vilivyopungua vilikutana na vijiko tisa vilivyozidi, sahani zikasimama sawa, mbuzi akachinjwa, na shehe na katekista wakasema amina. Kijiji kizima kilikuwa sahihi. Boliti mojamoja ndizo zilizokuwa zinasema uongo.

Baba hakucheka. Boliti hizo alizisainia yeye zilipotoka. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na Faith? Alizaliwa boliti kumi na nane au siyo?"

"Faith alipimwa kwa boliti zote kwa pamoja, baba. Uzito wake ni halali."

Akapumua.

Sasa tulikuwa na siku mbili, injini nzima, na boliti kumi na nane zenye tabia mbaya. Za Sixbert zilikuwa rahisi. Niliwasha moto wa kuni, nikaziweka kichwa chini ndani ya kikaango kibovu. Risasi ikalainika, ikatiririka, ikaacha kichwa cha asili kikiwa safi, na pembe zake zote sita, kama kilivyotoka kiwandani. Unene ule ulikuwa umekihifadhi. Tulizivua nguo tu. Spana ya baba ikazishika kama mkono unaojua mkono.

Za Gerald ndizo zilizotunyima usingizi. Ukishaondoa chuma hukirudishi. Baba alijaribu kusokota kitambaa, akajaribu kipande cha bati, akajaribu sala. Alhamisi mchana nilikuwa nimekaa nazitazama, nikakanyaga kitu. Ilikuwa spana ya zawadi, ya milimita, namba kumi na saba. Niliijaribu kwenye boliti ya Gerald. Haikuingia, lakini ilibakiza kidogo sana, unene wa ukucha.

"Baba," nikasema, "Gerald hakumaliza."

"Hakumaliza nini?"

"Kuiba. Aliishia njiani. Tumsaidie."

Tukachukua tupa. Tulikata vichwa vya boliti tisa, pande zote sita, kwa zamu, mpaka jua lilipozama nyuma ya ghala, tukipima kila baada ya mikwaruzo kumi. Sijawahi kufanya kazi ya mtu mwingine kwa uangalifu kama ule. Ile spana isiyonunulika ikaingia, ikashika. Injini ya baba ikafungwa kwa spana mbili, moja ya inchi na moja ya milimita, boliti tisa za kununulia na tisa za kuuzia, zikabanwa sawasawa kwenye hedi moja, na kwa mara ya kwanza tangu ziondoke kwenye kopo kila moja ilikuwa inafanya kazi yake.

Ijumaa mfilisi alikuja na lori la mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye aliteremsha mizani yake ya kuning'iniza kabla hata ya kusalimia. Mfilisi alikuwa mtu mwembamba mwenye mkoba. Aliomba boneti lifunguliwe, akahesabu boliti kwa kalamu.

"Vichwa hivi ni saizi mbili."

"Ndiyo," nilisema.

"Ni boliti za gari moja?"

"Ni za kijiji kimoja."

Akaandika. Kisha akafungua barua yake mwenyewe na kuisoma upya, na uso ukambadilika.

"Kifungu kinasema kitakachowaka. Hakisemi kwa muda gani."

Mnunuzi wa vyuma alisema gari la kweli huwaka saa nzima. Baba alisema gari la kweli huwaka likiwashwa na huzimika likizimwa. Mfilisi alifikiri, akatamka kwamba litapaswa kuwaka mpaka yeye amalize kikombe cha chai. Mama Theresia, mjane anayekaa jirani na ghala, akaleta chai. Mfilisi akaomba sukari. Mtu akatumwa dukani, akarudi mikono mitupu.

"Gerald anasema hauzi. Boliti zake za haki ziko kwenye injini, na zile mpya hazijui sukari."

"Basi nitainywa hivi hivi," alisema mfilisi, "lakini itachukua muda."

Baba alichukua hendeli ya kuzungushia injini. Mara ya kwanza injini ilikohoa. Mara ya pili ilitoa moshi mweusi na panya wawili. Mara ya tano mnunuzi wa vyuma aliikamata ndoano ya mizani yake na kuielekeza kwenye bampa. Mara ya tisa ikawaka. Ilinguruma, ikatikisa magogo, mbuzi wa kijiji wakakimbilia Issuna, na baba akasimama na hendeli mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake na mama yake.

Mfilisi alipuliza chai. Akanywa funda. Akakunja uso kwa uchungu wake, akapuliza tena. Watu mia mbili walikitazama kile kikombe. Mimi nilizitazama boliti. Nilingoja mvuke utoke kwenye hedi, upande wa Gerald. Haukutoka. Hata tone. Kikombe kilipofika nusu, mfilisi alizungumza habari za mvua. Kilipofika chini, aliomba kingine, na baba akamwambia kwa adabu kubwa, "Mzee, ulitamka kikombe kimoja." Mfilisi akaandika neno gari, akasaini, na mnunuzi wa vyuma akafungasha ndoano yake.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, na ingekuwa hadithi nzuri kama wiki ingeishia hapo. Jumamosi asubuhi nilibandika karatasi kwenye mlango wa soko. Niliandika boliti zote kumi na nane, mojamoja, kwa gramu, na jina la aliyekuwa nayo. Nilikuwa nimeahidi kwamba Jumamosi wataambiwa zilipo, kwa hiyo chini niliandika: Ziko kwenye hedi.

Saa nne nikaitwa barazani. Mzee Simeoni alikaa katikati, Gerald kulia, Sixbert kushoto, kama mizani. Baba aliketi nyuma na kofia magotini.

"Mwalimu Damari," alianza mwenyekiti, "tumekaa wazee tumeona. Umeondoa vipimo vya soko kwa maneno ya ujanja. Umeunguza mali ya Sixbert. Umekata mali ya Gerald."

"Nilimalizia," nikasema.

"Na umeandika majina ya watu mlangoni. Wewe mwenye Fizikia tuambie. Boliti zote kumi na nane, ukiziweka pamoja, zilikuwa na uzito gani?"

"Uzito sahihi."

"Zilipungua?"

"Hapana, mzee."

"Zilizidi?"

"Hapana."

Akafungua mikono kuwaonyesha watu. "Basi aliyeibiwa ni nani?"

Sixbert aliinuka, jasho likimtiririka. "Jamani mimi mnanionea. Gerald alipoanza kukata, niliona kabisa Januari sahani itapanda, kijiji kitaaibika mbele ya shehe na katekista. Ndiyo nikaongeza. Nimeongeza kwa uzalendo."

"Muongo huyo," alisema Gerald kwa sauti yake ya kwaya. "Alianza yeye kuongeza. Mimi ndiye nilikata ili kuokoa sahani. Mikono yangu hii imetoka malengelenge kwa ajili ya kijiji."

Watu wakagawanyika, nusu wakimhurumia huyu, nusu yule. Mtu mmoja alipendekeza wapewe shukrani wote wawili. Mwenyekiti alitulia mpaka kelele zikaisha, kisha akatoa hukumu: nitoe mbuzi mmoja, niondoe karatasi, na niombe radhi kwa Gerald na Sixbert, hapo hapo, kwa kusimama. Gari litabaki kwa baba, kwa kuwa karatasi ya mfilisi imesainiwa. Lakini heshima ya soko lazima irudi.

Baba alinijia. Aliinama karibu na sikio langu. "Sema tu, mama. Ni neno dogo. Gari tumepata."

Baba huniita mama anapokuwa na hofu. Nilimpenda sana wakati ule, na ndiyo maana nilichelewa kidogo kusimama. Nikasimama. Nikamwita Mama Theresia.

"Shikamoo mama. Alizeti yako mwaka huu ulimuuzia nani?"

"Sixbert."

"Sukari unanunua kwa nani?"

"Si Gerald? Duka ni moja."

"Ukiuza, boliti ilikuwa nene. Ukapoteza kijiko. Ukinunua, boliti ilikuwa nyembamba. Ukapoteza kijiko cha pili. Mwenyekiti anasema kwa pamoja ilikuwa sawa. Wewe ulikirudishiwa wapi kijiko chako?"

Mama Theresia alifikiri. Alihesabu, vidole vikitembea juu ya kanga yake kama vinavyotembea vya mtu anayesuka mkeka, mwaka kwa mwaka, gunia kwa gunia. Kisha akamgeukia Gerald, halafu akamgeukia Sixbert. Alihama tu pale alipokaa, akaja kukaa upande wangu. Mwanamke mwingine akamfuata. Halafu wawili wengine, na mzee mmoja na kiti chake.

"Waliosawazishana ni hawa wawili," nilisema. "Sisi wengine tulikatwa tukiuza, tukakatwa tukinunua, kisha tukachanga mbuzi wa kusherehekea. Mbuzi mwingine sitoi. Karatasi siondoi. Boliti ziko kwenye injini ya baba yangu, zimekazwa, na anayezitaka kupimia sukari aje na mizani yake, alale juu ya boneti, apime injini ikiwa inawaka."

"Mwalimu," alisema mzee Simeoni taratibu, "hujajibu. Unaomba radhi, au huombi?"

"Siombi."